Daraja la Siwazuri

Kikao cha mtaa, ajenda namba nne,
mhandisi wa manispaa alivua miwani akauliza:
"Daraja la nani?"
Tukamjibu: la Siwazuri.
Akacheka kidogo, akaacha.
"Jamani, zege lenyewe halijakauka
mnataka kulibandika 'si wazuri'?
Wafadhili wakiniuliza maana, niseme nini?
Liiteni Umoja. Liiteni Maendeleo."

Mimi ndiye niliyekuwa naandika muhtasari.
Kalamu ikasimama juu ya karatasi
kama mguu uliofika ukingoni
ukakuta ubao umekwenda na maji.

Maana huku Tandale Umoja tunazo tatu:
gesti, saluni na duka la dawa,
na Maendeleo ni mfereji ulioziba.
Siwazuri ni mmoja.

Jina alipewa na mama yake
kuwajibu majirani waliosema
mtoto huyu mwaka hamalizi.
Leo ana sabini na sita.
Majirani wale hatujui hata walikozikwa.

Kabla ya zege, hapa Mto Ng'ombe
palikuwa na mbao zake mbili.
Masika yalipozibeba, aling'oa mlango wa choo.
Mlango wa choo ulipokwenda, aling'oa mlango wa nyumba,
akalala wiki tatu nyuma ya pazia la kanga,
panga chini ya mto
(wa kulalia, si huu).

Malaika si yeye, hilo nalo naliandika.
Alitoza. Hamsini kwenda, hamsini kurudi.
Wenye sare za shule bure, jeneza bure,
mlevi mia, kwa sababu ya kushikwa mkono.
Aliyekosa chenji aliingia daftarini,
na daftari lile halikusahau:
lilimfuata mtu msibani, lilimfuata harusini,
lilimngoja nje ya msikiti akitafuta viatu.
Wapo waliomwita mchoyo. Ndio walewale
waliozunguka hadi barabara kuu kumkwepa,
usiku, mvua inawamwagikia, wakaita toka ng'ambo:
"Bibi! Lete taa!"
Na taa ililetwa.

Tukapiga kura. Mikono ikahesabiwa mara mbili
kwa kuwa mhandisi hakuamini ya kwanza.
Nikaandika: "Wajumbe wameridhia."
Sikuandika kwamba Mzee Chuma wa mashine ya kusaga,
anayedaiwa tangu enzi hamsini inanunua andazi,
aliinua mikono yote miwili.

Siku ya uzinduzi Siwazuri aliitwa aseme neno.
Akakishika kipaza sauti
kama samaki usiyejua kama amekufa.
Akachungulia chini ya daraja. Akachungulia tena.
"Matundu madogo," akasema.
"Likija godoro moja tu, limeziba."
Watu wakashangilia. Mhandisi naye akapiga makofi,
polepole,
macho yake yako kwenye matundu.

Utepe ukakatwa. Mgeni rasmi akavuka na msafara wake,
na ng'ambo akamkuta Siwazuri ameshatangulia,
amekalia ndoo iliyopinduliwa, palepale pa siku zote,
kiganja wazi.
Mgeni rasmi akakipokea kwa mikono miwili,
akakitikisa, akatabasamu, picha ikapigwa.
Sisi wa mtaa tukatazamana.
Mkono ule hausalimii mtu.

Zamu yangu ilipofika nilijipapasa mfukoni.
Hamsini sikuwa nayo, nikampa mia.
Akaipindua, akaitazama upande wa pili,
akaifunga kwenye pindo la kanga.
Nikasimama kungoja chenji, bado mjinga.
"Si utarudi?" akasema,
na tayari alikuwa anamtazama
aliyekuwa nyuma yangu.